Thamani ya Miezi Miwili

Je, ni haki kutumia fedha nyingi kumwongezea mgonjwa miezi miwili tu ya kuishi? Swali hili si la madaktari peke yao. Ni letu sote, maana fedha ni zetu na wagonjwa ni wetu.

Tuchukue mfano. Iko saratani ya ubongo ambayo mpasuaji, hata akiikata kwa ustadi, hubakiza mizizi isiyoonekana kwa macho, nayo huota tena. Dawa ya kunywa au ya sindano huifikia kwa taabu, kwa kuwa mwili umejenga kizuizi baina ya damu na ubongo. Wataalamu wa Marekani, akina Henry Brem na Robert Langer, wakafikiri kama mkulima wa Ganako mwenye samadi haba: haitawanyi shamba zima, huitia shimoni penye mbegu. Wakatengeneza vidonge bapa, mfano wa sarafu, vyenye dawa ya karmustini. Kabla ya kufunga fuvu, mpasuaji hupanga hadi vidonge 8 mahali alipoondoa uvimbe, navyo huyeyuka polepole na kutoa dawa kwa wiki mbili au tatu.

Vidonge hivyo, Gliadel, viliruhusiwa Marekani mwaka 1996. Uchunguzi wa wagonjwa 240, uliotangazwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa nusu ya waliowekewa dawa waliishi kupita miezi 13.9, kwa waliowekewa vidonge visivyo na dawa, ilikuwa miezi 11.6.

"Miezi miwili ndiyo nini?" atauliza mwenye afya. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika miezi miwili mzazi aweza kugawa mashamba yake asiache ugomvi, au kupatana na ndugu waliyenuniana miaka mingi. Hata hivyo, dawa hiyo yaweza pia kuvimbisha ubongo na kuchelewesha kidonda kupona. Basi anayestahili kuipima miezi hiyo ni mgonjwa mwenyewe, akiwa ameelezwa ukweli wote.

Taifa nalo lina mizani yake. Mgonjwa wa Ganako anayepelekwa kupasuliwa ubongo katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilometa 700. Kidonge hakimfai asiyepigwa picha ya kichwa, wala asiyemfikia mpasuaji. Kwa hiyo naona ni haki fedha zitangulie huko: kwenye vipimo, nauli na mafunzo ya wapasuaji.

Lakini kutanguliza si kudharau. Tukimwambia mgonjwa kwamba zamu ya dawa yake haijafika, tumesema kweli. Tukimwambia kwamba miezi yake miwili si kitu, tumemdhulumu, maana hatukuulizwa thamani yake.