Usukani Ukitikisika, Usikubali Kuambiwa Utauzoea

Pikipiki mpya ina heshima yake. Ikitoka dukani nailoni bado imeng'ang'ania kwenye kiti, tairi zina vinyweleo vya kiwandani, na hakuna anayetaka kusikia kwamba ina kasoro. Mwenyewe ametoa akiba yake yote, au amesaini mkataba wa kupeleka hesabu mpaka deni liishe. Siku chache baadaye akihisi usukani unacheza kidogo mikononi, anaanza kwa kujilaumu mwenyewe. Akimwambia muuzaji, anajibiwa kuwa chombo bado kigumu, atakizoea. Akiwaambia wenzake kijiweni, wanamwambia wao wanazo za aina hiyohiyo na hazijawahi kuwasumbua. Basi ananyamaza na kuendelea kubeba abiria.

Nimeona nieleze hapa kisa kimoja cha kweli kilichotokea mbali na vijiwe vyetu. Kilihusu kampuni kubwa, wahandisi waliobobea na wanunuzi waliokuwa wameendesha pikipiki kwa miaka mingi. Kama hao walikwama, mimi na wewe tuna sababu zaidi ya kuwa macho.

Katikati ya miaka ya 1990, kampuni za Japani zilikuwa zikiikodolea macho Ducati ya Italia. Ducati 916, yenye injini ya silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, ilikuwa imempa Mwingereza Carl Fogarty ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka 1994 na 1995, na wapenzi wa pikipiki za mwendo kasi walikuwa wakiiota usiku na mchana. Mwaka 1997 Suzuki ikajibu kwa kutoa TL1000S. Injini yake ilikuwa na sentimita za ujazo 996, nguvu za farasi zilizokaribia 125, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya Ducati. Kwa kijana wa Uingereza aliyekuwa anataka V yenye nguvu lakini mfuko haumruhusu, hapo palikuwa na mlango wazi. Wengi wakaingia. Hata mimi, kama ningekuwa na uwezo na ningekuwa huko, sidhani ningeuliza maswali mengi.

Shida ilianzia mahali ambapo mnunuzi hawezi kupaona. Injini ya silinda mbili zilizopanuka kwa pembe ya nyuzi 90 ni ndefu kutoka mbele kwenda nyuma. Mhandisi anayetaka pikipiki fupi, inayoingia kwenye kona kwa wepesi, hubaki na nafasi finyu ya kusimamisha shokapu ya kawaida nyuma ya injini hiyo. Suzuki ikaamua kuzigawa kazi mbili za shokapu. Springi ikawekwa peke yake pembeni, na kazi ya kutuliza mruko ikapewa kifaa cha kuzunguka, yaani kisanduku kidogo chenye mafuta na bapa ndani yake. Gurudumu la nyuma likipanda na kushuka, bapa zinasukuma mafuta, na mafuta yanaupunguzia mruko nguvu.

Sasa, kila shokapu duniani hugeuza mruko kuwa joto. Kisanduku kile kilibeba mafuta machache, tena kilikaa karibu na injini yenyewe inayochemka. Baada ya mwendo mkali kwenye barabara yenye mabonde, mafuta yalipata moto, yakawa mepesi, na uwezo wa kutuliza ukapungua. Asubuhi, injini ikiwa baridi, pikipiki haikuwa na neno lolote. Ukiizungusha mtaa mmoja pale dukani ili kuijaribu, usingegundua kitu.

Kilichotokea barabarani ni hiki. Dereva anatoka kwenye kona, anavuta mafuta, na uzito wote unarudi nyuma. Nyuma pamelegea, panadundadunda. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, karibu halikanyagi lami. Likikutana na kinundu cha lami au shimo dogo, linapigwa upande mmoja, linajirudisha kwa nguvu na kupitiliza upande wa pili, kisha linajirudisha tena. Umeshaona gurudumu la mbele la toroli la supamaketi linavyopepesuka ukilisukuma kwa haraka? Ni jambo lilelile, ila hapa una chombo cha karibu kilo 200 na mwendo wa kilomita 100 na zaidi kwa saa. Usukani unaweza kupiga kulia na kushoto mara 4 mpaka 10 kwa sekunde moja. Mikono ya binadamu haiwezi kufuatana na kasi hiyo, na anayejaribu kupambana nao mara nyingi anauongezea nguvu. Mtikisiko ukikolea, usukani unabamiza mpaka mwisho wake upande huu na ule, na hapo kukaa juu ya kiti ni kudura.

Malalamiko hayakuchelewa. Waendeshaji walieleza usukani unavyowachezea wakitoka kwenye kona, na majarida ya pikipiki ya Uingereza yakaliandika. Ila hapohapo wapo waliosema yao ni salama kabisa, na mpaka leo kuna watu waliomiliki TL1000S kwa miaka mingi wanaoitetea kwa moyo wote. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hatari inapojificha. Waliosema yao haina shida walikuwa wakweli. Kasoro ile ilihitaji mambo kadhaa yakutane kwa wakati mmoja, yaani mwendo mkali, joto, barabara mbovu na mafuta kuvutwa kwa nguvu. Anayeendesha taratibu kwenye lami nzuri angeweza kumaliza tairi tatu bila kuiona kasoro hiyo. Kwa hiyo ushahidi wa watu kumi ambao hawajapatwa na tatizo haufuti ushahidi wa mmoja aliyepatwa. Tukiwa kijiweni tunafanya kinyume chake. Tunapiga kura, wengi wakisema hakuna shida, yule mmoja anaonekana hajui kuendesha. Ukweli wa chuma hauamuliwi kwa wingi wa watu.

Mwishowe wamiliki wa Uingereza waliitwa warudishe pikipiki zao ili zifungwe dampa ya usukani, kishokapu kidogo cha kulala kinachozuia usukani usipige kwa ghafla. Matoleo yaliyofuata yakatoka kiwandani yakiwa nayo, na TL1000R iliyotoka mwaka 1998 ilikuja na dampa hiyo tangu mwanzo. Ilisaidia. Lakini tazama vizuri: ugonjwa ulikuwa nyuma, dawa ikapakwa mbele. Kile kisanduku cha mafuta kilibaki palepale. Ndiyo maana wamiliki wengi wakaamua kutoboa mifuko yao wenyewe, wakanunua shokapu za kampuni nyingine na kukiondoa kabisa. TL1000S ilitengenezwa mpaka mwaka 2001, lakini sifa yake haikupona.

Pikipiki zetu za cc 125 na 150 hazina nguvu za namna hiyo wala kisanduku kile. Zina udhaifu wake, na dalili ni zilezile. Nyingi huletwa ndani ya maboksi zikiwa zimefunguliwa, kisha fundi wa duka anaziunganisha. Shingo ya usukani inazungukia kwenye golori, na nati ya juu yake ikikazwa kidogo kuliko inavyotakiwa, golori zinapata nafasi ya kucheza. Hata ikikazwa vizuri, baada ya kilomita mia chache za mwanzo vyuma vikikaliana, nati hulegea. Kitabu cha pikipiki kinaposema urudi sevisi ya kwanza, shingo ni miongoni mwa sababu zake. Wengi wetu tunadhani sevisi ni kumwaga oili tu, tunaimwagia nyumbani na kuona tumeokoa pesa.

Kipimo chake hakihitaji gereji. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mwambie mwenzako akandamize keria ya nyuma mpaka gurudumu la mbele liinuke. Chuchumaa mbele, shika miguu ya shokapu karibu na ekseli, vuta kuja kwako kisha sukuma. Ukisikia kitu kinagonga ko, ko, hata kidogo, shingo imelegea. Halafu zungusha usukani polepole kutoka kushoto mpaka kulia kwa kidole kimoja. Unatakiwa kuteleza bila kukwama. Ukishika pale katikati, kama unaingia kwenye kijishimo, golori zimeshachimba mahali zinapokaa na kukaza nati hakutasaidia, zinabadilishwa. Ukiwa mzito mwendo wote, umekazwa kupita kiasi, na pikipiki ya namna hiyo hupepesuka ikienda taratibu kwenye foleni. Uwe macho na fundi anayegonga nati hiyo kwa patasi na nyundo kwa sababu hana spana yake. Hawezi kujua amekaza kiasi gani.

Shingo ikiwa nzima na usukani bado unatikisika, angalia upepo wa tairi, spoku zilizolegea, rimu iliyopinda, na bolti ya ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Kisha tazama mzigo wako. Magunia mawili yakifungwa nyuma ya keria, au mishikaki ya abiria watatu, hulinyanyua gurudumu la mbele kama vile nguvu ya injini ilivyolinyanyua la TL1000S. Dereva anasema pikipiki imekuwa nyepesi mbele. Anaisema kama sifa, kumbe anataja kwa usahihi kabisa jambo litakalomwangusha.

Na kama likikukuta ukiwa njiani, usibane breki kwa ghafla, na usiukabe usukani kwa mikono iliyokakamaa. Bana tenki kwa magoti, inama mbele kidogo ili uzito uende kwenye gurudumu la mbele, punguza mafuta taratibu mpaka mwendo ushuke. Ukisimama salama, ndugu yangu, usiondoke tena kwa kujipa moyo kwamba lilikuwa shimo tu. Linaweza kuwa shimo kweli, lakini shingo nzima huvuka shimo na kutulia.

Lililobaki ni jinsi ya kulalamika. Malalamiko ya mdomo huishia hewani, na muuzaji akibadilisha kijana wa kaunta, hakuna anayekumbuka ulikuja. Andika tarehe, kilomita zinazosomeka kwenye mita, mwendo uliokuwa nao, ulibeba nini, na barabara ilikuwaje. Mpe mwenzako apige picha ya video usukani ukicheza. Peleka barua dukani na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukiambiwa wengine hawajalalamika, mwombe aiandike kauli hiyo na kuweka sahihi. Waulize na madereva wengine walionunua aina hiyo, maana malalamiko matano yanayofanana yana uzito kuliko kelele za mtu mmoja.

Sheria ipo upande wako. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria hiyo ina jukumu la kumlinda mlaji. Shirika la Viwango nalo linahusika na ubora wa bidhaa. Nchini Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kulindwa usalama wake, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 ikafuata. Haki hizi hazimfikii mtu aliyenyamaza mpaka muda wa dhamana ukaisha.

Kwa hiyo kama una pikipiki mpya na kuna kitu mikononi mwako hukielewi, fanya kile kipimo cha shingo leo kabla ya safari nyingine. Ikigonga, irudishe dukani ukiwa na karatasi mkononi, na usikubali kubeba abiria mpaka ifunguliwe mbele ya macho yako.