Neno Katika Mizani ya Hakimu

Sisi watunzi wa mashairi twajua kuwa fumbo hufumbuliwa na msikilizaji. Mende ni mdudu wa jikoni. Bali redio ya RTLM ya Rwanda ilipotamka "inyenzi", yaani mende, mwaka 1994, wasikilizaji walielewa kuwa atajwaye ni Mtutsi. Kamusi peke yake isingewatosha mahakimu wa mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha. Iliwabidi wapime pia saa ya kusemwa neno.

Katika hukumu ya rufani ya Novemba 2007 waliamua kwamba matangazo yaliyofuata Aprili 6, 1994 yalichochea mauaji ya kimbari. Yale ya awali, ingawa mengine yalipalilia chuki, hayakuthibitika kuwa uchochezi wa moja kwa moja. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, alipewa kifungo cha miaka 30. (Naye, walimu wenzetu, alikuwa profesa wa historia.)

Majirani zetu wa Kenya, baada ya machafuko ya 2007 na 2008, hawakutaka sheria ingoje wito wa kuua. Sheria yao ya Uwiano na Utangamano ya 2008 yamshika atoaye vitisho au matusi kwa kusudi la kuamsha chuki ya kikabila, au hata pale chuki hiyo ielekeapo kuamka. Iliweka faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Neno hilo "ielekeapo" latutia hofu, kwani laweza kumnasa mtunzi wa kejeli pamoja na mchochezi. Hata hivyo twaliunga mkono. RTLM ilianza kutangaza Julai 1993.