Muhuri Kabla ya Kubonyeza Ndiyo



Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia Warumi, aliambiwa kwamba wale hawasomi barua isiyo na muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake. Baada yake ikavaliwa na Abu Bakar, kisha Umar, kisha Uthman, na zamani za Uthman ndipo ilipotumbukia katika kisima cha Aris. Wakaitafuta siku tatu, wakakausha maji ya kisima, wasiipate.

Nimeikumbuka pete ile kwa yaliyotufika ofisini, hapa hapa msikitini. Kijana wetu, mwenye nia njema kabisa, alileta programu ya hesabu kwenye flashi. Alipoifungua, kikatokea kidirisha cha manjano: mchapishaji hajulikani. Akabonyeza ndiyo kabla sijavuta kiti. Kesho yake hakuna faili lililofunguka, na mle ndimo yalimokuwa majina ya mayatima wetu na namba za walezi wao.

Suratul Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari anayotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Basi programu nayo si habari? Inakuja inasema: mimi nimetoka kwa fulani. Mtengenezaji mwaminifu huitia sahihi ya kidijitali, ndiyo muhuri wake, kwa ufunguo wa siri alio nao yeye tu, na cheti chake kimetolewa na mamlaka inayoaminika. Ikibadilishwa hata herufi moja baada ya hapo, sahihi haikubaliki tena. Kwenye Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, utazame sahihi. Ni jina la nani? Ndiye uliyemkusudia?

Na jina peke yake halitoshi. Mwaka 2017 programu ya kusafisha kompyuta iitwayo CCleaner iliwafikia watu zaidi ya milioni 2 ikiwa na virusi ndani, na muhuri wa kampuni yenyewe juu yake ukiwa halali. Wezi walikuwa wameshaingia jikoni kabla chakula hakijafunikwa. Ndiyo maana wanazuoni wa hadithi, wakishapima sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, hupima na matini, yaani maneno yenyewe. Nasi tuipitishe programu kwenye kinga ya virusi, tuichukue kwa mwenyewe, si mkononi mwa mpita njia.

Majina ya mayatima tunayaandika upya kutoka kwenye daftari la zamani. Leo baada ya swala nahitaji watu wanne wenye kalamu.