Nani Ana Haki ya Kusema "Tumeshinda"?

Kuna neno dogo ambalo Wakenya tunalitumia ovyo kila wikendi, na sijawahi kusikia mtu akiulizwa amelipata wapi. Neno lenyewe ni "sisi". Sisi tumeshinda. Sisi tumeibiwa na refa. Sisi tunahitaji beki wa kushoto. Anayesema hivyo hajagusa mpira tangu amalize shule ya msingi, na timu anayoizungumzia iko London. Lakini hakuna anayemshangaa. Hapa Bondeni ukimwambia shabiki wa Arsenal kwamba yeye si Arsenal, umetafuta ugomvi na utaupata.

Nataka tulipime neno hilo kwa msimu mmoja ambao wengi wa rika langu hawaukumbuki, ingawa ulichezwa karibu na milango yetu. Mwaka 2010, Ulinzi Stars walitwaa Ligi Kuu ya Kenya. Timu 16, mechi 30 kwa kila timu. Ulikuwa ubingwa wao wa nne, baada ya ule wa 2003, 2004 na 2005. Uwanja wao wa nyumbani ulikuwa Afraha, na kutoka Bondeni unafika Afraha kwa miguu kabla njugu za shilingi kumi hazijaisha mfukoni.

Yaani bingwa wa nchi nzima alikuwa jirani yetu. Na bado, ukiwauliza vijana wa mtaa leo wanakumbuka nini kuhusu 2010, watakuambia vuvuzela za Afrika Kusini. Watakuambia mkono wa Suárez, ile Julai 2, Ghana ilipokuwa inchi chache tu kutoka nusu fainali. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima wakishika vichwa na kusema "wametuonea". Sisi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Accra. Lakini timu iliyochukua kombe la nchi yao, kwenye uwanja wanaoupita wakienda sokoni, haikupata hilo neno. Walisema "jeshi limechukua", kisha maongezi yakahamia kwa Gor Mahia.

Sasa swali langu ni hili: ushindi ni wa nani? Na kama si wa kila anayeutaka, mtu anaupataje?

Tuanze na jibu rahisi, la pesa. Ulinzi ni timu ya jeshi. Wachezaji wake ni wanajeshi, na mshahara wa mwanajeshi hutoka kwenye kodi. Mama anayenunua mafuta ya taa hapa Kivumbini ameilipia. Mwenye duka ameilipia. Kwa hesabu hiyo, Ulinzi ni timu ya kila Mkenya kuliko Gor, kuliko Leopards, kuliko klabu yoyote yenye mfadhili wake. Lakini unaona mwenyewe kwamba hesabu hii haifiki mbali. Nimelipia pia barabara ya kwenda Eldama Ravine, na sijawahi kuiimbia. Kulipa kunanipa haki ya kuuliza pesa zimetumikaje. Furaha haiji na risiti.

Jibu la pili ni la ujirani: timu ni ya pale inapocheza. Hili nalo lina shida. Afraha ilipofungwa ili ijengwe upya, Ulinzi walihamia kwingine, na siku hizi utawapata zaidi Ulinzi Sports Complex, kule Lang'ata, Nairobi. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na ikapoteza timu iliyowahi kuwa bingwa. Sikusikia mtu akilia mtaani. Watu wa Bondeni wanajua kulia wakinyang'anywa kitu, kwa hiyo kunyamaza kwao ni ushahidi. Kumbe mtu anaweza kukaa jirani na kitu miaka yote na kisiwe chake.

Jibu la tatu ndilo huwa tunalisema kwa sauti ya chini. Timu kubwa za Kenya zilizaliwa na watu wao. Gor Mahia ilianzishwa 1968 na jina lake ni la mganga maarufu katika simulizi za Waluo. AFC Leopards ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya. Shabiki hakuichagua timu, alizaliwa ndani yake kama alivyozaliwa ndani ya lugha. Ulinzi haina kwao. Kambini Lanet utampata mtu wa Turkana, wa Kisii, wa Taita na wa Murang'a wakila kutoka sufuria moja. Kwa hiyo, wanasema watu, haiwezi kupendwa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sisi wa Nakuru hatuna anasa ya kulipita jambo hili. Januari 2008 mji huu uliwaka. Watu walihama mitaa usiku kwa sababu ya majina yao. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Waliotumwa Nakuru kutuliza hali walikuwa wanajeshi. Miaka miwili baadaye, mwaka uleule tuliopigia kura Katiba mpya na kuahidiana kwamba tutakuwa nchi moja, timu isiyo na kabila ikachukua kombe katika mji huohuo. Ungedhani tungeikimbilia. Tungekuwa na kitu kimoja cha kushangilia bila kuangalia nani amekaa karibu nawe.

Lakini sikubali kwamba tuliikosa kwa sababu haina kabila. Arsenal ina kabila gani? Kwenye kibanda cha mechi pale nyuma ya soko, Mkikuyu na Mluo wanakumbatiana kwa ajili ya bao la Mbrazili. Mnubi anamnunulia Mkalenjin chai kwa sababu ameshindwa dau la Manchester. Kumbe tunaweza kupenda kisicho cha damu yetu. Tunaweza sana. Kwa hiyo kizuizi kiko mahali pengine.

Nadhani kiko hapa. Tukisema "sisi" kibandani, hatusemi kuhusu wale kumi na moja walio kwenye skrini. Tunasema kuhusu wale thelathini walio kwenye benchi za mbao. Arsenal ni sababu tu ya kukutana. Tumekutana pale wakati timu inafungwa sita, tumechekwa pamoja, tumerudi nyumbani bila hamu ya kula, na wiki iliyofuata tukarudi tena. Ushindi ukija unatukuta tayari ni watu wamoja. Na Ulinzi haikuwahi kutukutanisha. Haikutuhitaji, na sisi hatukujitokeza kuiona ikishindwa. Basi siku iliposhinda, hatukuwa na mahali pa kusimama na kusema neno lile.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: mwenye haki ya kusema "tumeshinda" ni yule aliyekuwepo wakati wa kushindwa. Si lazima uwe umelipa, wala uwe wa damu. Lazima uwe umebeba kitu.

Lakini pendekezo hili lina kivuli, na siwezi kukificha. Mwaka huohuo wa 2010, Jumamosi ya Oktoba 23, Gor Mahia na AFC Leopards walikutana Nyayo, Nairobi. Watu walijaa kupita kiasi, wakasukumana langoni, na 7 wakafa katika mkanyagano. Hawa ndio waliokuwepo kweli. Gor ilikuwa haijachukua ligi tangu 1995, na ingesubiri hadi 2013. Miaka 18. Leopards walikuwa hawajaichukua tangu 1998. Waliokufa langoni walikuwa wakienda kuziangalia timu ambazo kwa miaka mingi hazikuwa zimewapa kombe. Kisha msimu ukaisha, na kombe likaenda kwa timu yenye mashabiki wachache.

Kuna mtu atasema hiyo si haki: kwamba mapenzi makubwa hivyo yalistahili kulipwa. Naelewa, lakini sikubaliani. Mapenzi ya shabiki hayamdai mchezaji kombe. Yakianza kudai, yanageuka kuwa mawe yanayorushwa kwa refa. Kinachodaiwa pale ni kitu kidogo zaidi na kizito zaidi: lango pana, tiketi zisizozidi viti, askari wanaojua kuongoza umati. Shabiki hadai ubingwa. Anadai kurudi nyumbani akiwa hai.

Na upande wa pili yuko mchezaji, ambaye tunamsahau tukianza kugawana "sisi". Binamu yangu amecheza mpira wa ligi. Sitaitaja klabu. Alikaa miezi bila mshahara, akienda mazoezini kwa miguu, huku majukwaa yakiimba jina lake. Siku hizi anaendesha boda. Nilipomwambia kwamba Ulinzi walikuwa mabingwa wasio na wapenzi, alinicheka. "Kaka, wale walikuwa wanakula mchana," akasema. "Mwezi ukiisha wanalipwa. Akiumia goti, kuna hospitali. Akistaafu mpira, bado ana kazi. Mapenzi ya watu hayajawahi kunilipia keja."

Ana hoja. Ligi ya mechi 30 haichukuliwi kwa shangwe za Jumapili. Inachukuliwa Jumanne asubuhi, kwenye baridi ya Lanet, na mtu ambaye hawazii nauli ya kurudi. Wengine huona ni dhuluma kwamba askari mwenye mshahara anashindana na kijana asiyelipwa. Mimi naona dhuluma iko upande mmoja tu wa sentensi hiyo. Kosa si kwamba yule analipwa. Na kama vijana wengi wa hapa wanatamani kipaji chao kiwaingize jeshini, si kwa sababu wanapenda bunduki. Ni kwa sababu hawajaona mahali pengine ambapo mpira ni kazi.

Basi ushindi, nikiupima vizuri, una wenyewe wa aina mbili. Kuna aliyeufanyia kazi, na kuna aliyevumilia hadi ukaja. Ubingwa wa 2010 ulikuwa na wa kwanza. Walifanya kazi, wakashinda, na mwaka uliofuata wakaiwakilisha Kenya katika Ligi ya Mabingwa Afrika hadi Zamalek ya Misri ilipowatoa. Kombe lao halina upungufu wowote kwa sababu hatukuimba. Tuliopungukiwa ni sisi. Wa aina ya pili walikuwa wachache: wake na watoto wa kambini, wauza njugu, wazee wawili watatu waliokuwa wakienda Afraha hata siku ya mvua. Hao wakisema "tulishinda 2010", nawapisha.

Mimi siwezi kulisema hilo, na sitalisema. Lakini Jumapili hii kuna timu za mtaa zitacheza kwenye viwanja vya vumbi, bila skrini, bila kamari, na pengine zitafungwa. Wachezaji wake wengi hawalipwi chochote. Ukienda, nunua njugu, changia nauli ya golikipa, na ukae hadi kipenga cha mwisho. Ukitoka hapo, timu ikiwa imefungwa mbili bila, jaribu kusema "tumeshindwa". Ukiweza kulisema bila aibu, umeshaipata haki ya lile neno lingine, hata kama halitakuja msimu huu.