Hodi kwa Asiyeonekana

Wanazuoni wa fiqhi, walipoipanga milango ya muamala, waliipa ariya, yaani kumwazima mtu kitu akitumie bure kisha akirejeshe, mahali pake maalumu kando ya kuuza, kukodisha na kukopesha. Nao, bila shaka, walikuwa wakifikiri juu ya jembe, mnyama wa kupanda na sufuria, vitu ambavyo mwenyewe akishavitoa huvikosa mpaka virudi. Kompyuta inayoazimwa kwa njia ya intaneti haitoki nyumbani. Mwenye nayo yuko Mombasa, amekaa mbele yake. Anayeitumia yuko Maskati. Na yule wa Mombasa, hali hakuigusa, hukiona kishale kikitembea chenyewe juu ya kioo, mafaili yakifunguka na kufungika, maneno yakijiandika herufi baada ya herufi. Je, huyu wa Maskati ni mtu aliyeazima chombo, au ni mgeni aliyeingia nyumbani? Nauliza kwa kuwa hukumu za hawa wawili hazifanani.

Nianze na printa, iliyo nyepesi. Mtu aliye mbali akiamuru waraka wake uchapwe kwangu, ile mashine ni ariya safi, kwani manufaa yametumika na chombo kimebaki. Lakini karatasi na wino huisha kwa kutumiwa, na kinachoisha kwa kutumiwa hakiwi ariya: ama ni hiba, ama ni mkopo wa kulipwa mfano wake. Aghalabu wanaogombana maofisini juu ya rimu iliyokwisha hawagombei ubahili, bali wamechanganya mikataba miwili wakaifanya mmoja. Surat al-Maun imewalaumu wanaowanyima wenzao vyombo vya manufaa. Sidhani kama imemkataza mtu kutaja bei ya wino, na bei yenyewe twaijua.

Kompyuta ni jambo jingine, maana ndani yake mna barua, picha za aila, hesabu za duka na nakala za vyeti. Hapa ariya haitoshi. Twahitaji hukumu ya kubisha hodi, ambayo Surat an-Nur imewaamrisha waumini, wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na watoe salamu, na wakiambiwa warudi, warudi. Naye Mtume (S.A.W.), alipomkuta mtu akichungulia tunduni, alibainisha kwamba idhini hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho. Basi ikiwa sababu ni jicho wala si mguu, umbali wa bahari nzima haumwondolei mtu wajibu wa hodi, na neno la siri nililompa ili amalize kazi yake halikuwa ruhusa ya kutazama kila kilichomo.

Lau mtu ataniambia kwamba mambo haya ni mapya mno kupimwa kwa mizani ya kale, nitamkumbusha Chuo cha MIT, Marekani, ambako mwaka 1961 Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake; na ili kila mtu awe na faragha yake, wakaweka maneno ya siri. Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliyegawiwa saa 4 kwa wiki zisizomtosha, alipeleka kadi yenye matundu kuomba faili la maneno ya siri ya watu wote lichapwe. Mashine ikatii. Jumamosi alfajiri akaenda akaichukua orodha yake mahali zilipowekwa karatasi zilizochapwa, kisha akawapa na wengine. Ilhali kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata pwani, hata aliyeazima kwa halali hana haki ya kumwazima mwingine pasipo idhini. Printa, niliyoiita nyepesi, ndiyo iliyokuwa mlango.

Ndivyo ilivyokuwa tena Novemba 2018, mtu mmoja alipozichapisha karatasi za kumpigia debe mtengeneza video maarufu katika maelfu ya printa zilizoachwa wazi mtandaoni, akadai kwamba anawatahadharisha wenyewe. Mwenye kuacha mlango wazi ana taksiri yake, nami simtetei. Ila mlango wazi haujapata kuifuta hodi.

Fauka ya hayo, mwenyeji naye ana jicho, na hili husahauliwa sana. Karatasi inayotoka katika printa yangu kwa amri ya mtu wa mbali yaweza kuwa majibu ya hospitali au hati ya talaka, na mimi niliye karibu nayo ndiye ninayeweza kuchungulia, tena ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mgeni apewe akaunti yake iliyotengwa na mafaili yangu, nami nisiipekue. Na waraka wake ungoje ndani ya mashine, usitoke mpaka itiwe namba aliyoichagua yeye. Na maadamu yuko Maskati, hawezi kuja kuichukua karatasi, basi wakala wa kuitia namba hiyo amteue yeye, si mimi.