Je, Ni Haki Kumnyima Malisho Poni Asiye na Kazi?

Swali ninalotaka kulijadili linaonekana dogo, lakini limenisumbua kwa miezi mingi. Je, mtu anayempenda mnyama wake ana haki ya kumnyima majani yanayoota chini ya miguu yake, si kwa siku moja bali miaka yote atakayomfuga, huku mnyama mwenyewe hana njia ya kujua sababu? Kwetu Ankole, magharibi mwa Uganda, swali hili lingewachekesha wazee. Mfugaji husifiwa kwa kushibisha. Ng'ombe akionekana mbavu, watu humtazama mwenye ng'ombe, hawamtazami ng'ombe.

Mnyama ninayemzungumzia ni poni, yaani farasi wa kimo kidogo, na nilimfahamu nchini Uingereza. Mama yangu mdogo anafanya kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu ya chuo, nilikaa naye kuanzia Juni hadi Agosti. Binti wa bibi yule ana farasi mkubwa ambaye humpanda karibu kila siku, na pamoja naye ana poni jike wa aina ya Exmoor, mwenye rangi ya kahawia na mdomo mweupe kana kwamba ameuchovya kwenye unga. Poni huyu hapandwi na mtu. Watoto waliokuwa wakimpanda wamekua na kuondoka nyumbani. Amebaki na kazi moja tu: farasi ni mnyama wa kundi, na akiwekwa peke yake huhangaika, hukimbia kando ya uzio na kulia. Poni yupo ili farasi mkubwa asiwe mpweke. Akishasimama pale malishoni, kazi yake imekwisha.

Mimi nilipewa kazi ya kusaidia kumpunguza uzito.

Ili hoja yangu ieleweke, lazima nieleze kwanza unene wake unatoka wapi. Poni wa asili wa Uingereza, kama wale wa Exmoor, Dartmoor, Shetland na Wales, wamelelewa na nchi maskini. Nyika zao za milimani zina upepo, mvua na nyasi ngumu zisizo na lishe kubwa. Majira ya joto walikula wakanenepa. Baridi ilipokuja waliishi kwa mafuta yale, na baridi ilipoondoka walikuwa wamekonda. Jambo hili si geni kwetu. Ng'ombe wetu wenye pembe ndefu nao hupungua wakati wa kiangazi na kurudisha mwili mvua zinapoanza. Sasa mchukue mnyama wa namna hiyo umweke katika shamba la Devon, ambako nyasi zilipandwa na kuboreshwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Njaa ya majira ya baridi haimfikii, kwa kuwa kila asubuhi analetewa hei. Hapandwi, hapandi mlima kutafuta malisho, hanyonyeshi. Mwili wake unaendelea kuweka akiba kwa ajili ya njaa ambayo haiji.

Na akiba hiyo inaua. Mwili wa poni aliyenenepa mno mara nyingi hushindwa kuitumia insulini vizuri; insulini hujaa katika damu, na ndani ya kwato zile tishu zinazoushikilia mfupa kwenye ukuta wa ukwato huumia na kuanza kuachia. Ugonjwa huo huitwa laminaitisi. Mnyama husimama amejisukuma nyuma ili asiukanyage uzito wake mwenyewe kwa miguu ya mbele. Ukizidi, mfupa hugeuka na kushuka ndani ya ukwato, na wengine hulazimika kuuawa na daktari wa mifugo ili mateso yaishe. Majani mabichi yenye sukari nyingi, yale yale ambayo mimi nilipoyaona mara ya kwanza niliyaita baraka, yanatosha kuuanzisha.

Basi mtu atasema swali limejibiwa: mnyime, usije ukamuua. Laiti ingekuwa rahisi hivyo.

Kwanza, mapenzi yenyewe hayaoni. Nikirudi nyumbani kutoka chuoni, nyanya yangu akiniambia nimenenepa anamaanisha kwamba mambo yangu ni mazuri. Zamani, kwa Wahima, bibi-harusi alinyweshwa maziwa kwa miezi ili aolewe akiwa mnene. Nilidhani Waingereza hawana mambo hayo, nikakuta wana yao: poni wa mviringo kama pipa huwapendeza, na mwenye poni mwembamba ndiye anayesemwa. Ukipenda chongo huona kengeza. Ndiyo sababu wenye ujuzi hawaamini jicho. Daktari wa mifugo alinifundisha kutumia mkono: kupapasa mbavu, kubonyeza ukingo wa shingo chini ya singa kuona kama ni laini au ni mgumu kwa mafuta, kisha kumpa alama kati ya 0 na 5. Tatu ni kiasi. Poni wetu alipewa 4. Kila wiki tulimzungushia utepe wa kupimia kifuani, saa ile ile, mtu yule yule, na kuandika kwenye daftari. Daftari halina huruma wala chuki.

Pili, kunyima kwenyewe kunaweza kuwa ukatili, hata kama nia ni njema. Farasi si kama sisi, tunaoweza kukaa toka asubuhi mpaka jioni bila kutia kitu mdomoni. Tumbo lake hutoa asidi muda wote, ale asile, naye akiachwa huru hula kwa zaidi ya nusu ya siku. Ukimwacha saa nyingi bila kitu, anapata vidonda vya tumbo. Poni mnene akikatiwa chakula ghafla, mafuta ya mwilini humwagika ndani ya damu kwa wingi kiasi cha kumfanya augue na hata afe. Kwa hiyo anayepunguzwa uzito hupewa chakula kikavu kiasi cha asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku. Poni wa kilo 340 hupata kilo 5 hivi, na kushuka chini ya hapo si jambo la mtu kujiamulia bila daktari. Hei hupimwa kwenye mizani, kisha huloweshwa kwenye maji kwa saa kadhaa ili sehemu ya sukari itoke. Hei iliyolowa ni nzito ajabu. Mgongo wangu unaikumbuka.

Tatu, na hapa ndipo nilipoanza kuliona swali kwa upana wake: njia rahisi kuliko zote ni kumfungia poni peke yake katika kiwanja kisicho na jani. Hakuna mizani, hakuna kulowesha kitu, na hatanenepa. Lakini huyu aliletwa pale kwa sababu farasi hawezi kuishi peke yake. Utamfanya mpweke mnyama ambaye sababu yote ya kuwapo kwake ni kuondoa upweke? Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, inamtaka mwenye mnyama ampe chakula kinachomfaa, amwache aonyeshe tabia zake za asili, amweke pamoja na wenzake au mbali nao kadiri anavyohitaji, na amkinge na maumivu na maradhi. Kwenye karatasi mambo hayo yamekaa pamoja kwa amani. Malishoni yanagombana. Tabia yake ya asili ni kula majani. Ugonjwa wake ni kula majani.

Suluhisho lililotumika pale ni kikapu cha plastiki kinachofungwa mdomoni. Chini kina tundu dogo. Poni akiinama, ncha chache tu za majani hupenya. Anaweza kunywa maji, anaweza kutembea na mwenzake malisho mazima, ila kila jani anapaswa kulitafuta. Alivishwa saa kadhaa za mchana, kisha akavuliwa na kupewa hei yake. Mama mdogo, ambaye ni mtu wa kanisa, hakukipenda kikapu kile hata kidogo.

"Mwanangu," aliniambia, "Torati inakataza ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Sasa huyu mnamfunga kwa kosa gani?"

Nilijaribu kumjibu kwamba ng'ombe yule anafanya kazi na poni hafanyi. Jibu hilo halikumridhisha, na kwa kweli halikuniridhisha hata mimi, maana lingekuwa na maana kwamba asiyefanya kazi anastahili kunyimwa, na bibi tuliyekuwa tukimtunza naye hakuwa na kazi. Siku kadhaa baadaye, nikiwa nabeba ndoo, ndipo nilipoliona jibu ninaloliamini mpaka leo. Anayemfunga kinywa ng'ombe wa kupura anafaidika: nafaka ambayo ng'ombe angekula inabaki ghalani mwake. Anayemfunga poni mdomo habakiwi na kitu. Majani hayaendi sokoni. Anachopata ni kuamka mapema, kupima, kulowesha, kuvisha na kuvua. Katazo lile, nadhani, linamlenga mtu anayeihamishia hasara kwa mnyama ili faida ibaki kwake.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Tusiulize tu kama mnyama ananyimwa. Tuulize gharama ya kunyimwa inalipwa na nani. Aliyemfuga mnyama amemwondolea mlima, njaa na theluji, vitu vilivyokuwa vikimweka sawa bila mtu kutoa jasho. Amechukua nafasi ya mlima, basi aifanye na kazi ya mlima. Akimtembeza kwa kamba dakika 40 katika mvua, analipa yeye. Akiigawa hei katika nyavu sita zenye matundu madogo na kuzitundika mbalimbali ili poni atembee na kula polepole, analipa yeye. Akimfungia kwenye kiwanja kitupu na kwenda zake kazini, anayelipa ni poni, kwa upweke na kwa tumbo lake. Kilo zinaweza kupungua sawasawa kwa njia zote. Kimaadili si sawasawa.

Rafiki yangu mmoja wa chuoni, niliyemsomea mawazo haya, alikuwa na pingamizi mbili. Ya kwanza aliitoa akicheka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpeni poni kazi, atakonda mwenyewe. Kweli, panapowezekana hilo ni jema. Wapo poni waliofundishwa kuvuta kigari kidogo baada ya watoto kuwazidi kimo, na inasemekana wanakifurahia. Ila nisingependa kazi igeuzwe dawa ya kila kitu. Mwaka 1842 Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi migodini, poni waliongezwa kuvuta makaa huko gizani, na wale wa Shetland walipendwa kwa udogo wao. Hao hawakuwa na shida ya unene.

Pingamizi ya pili haikuwa na kicheko. Alisema, katika nchi yetu kuna wilaya ambako watu hulala njaa ukame ukizidi, nawe unaandika insha kuhusu farasi aliyeshiba kupita kiasi. Sikatai uzito wa maneno hayo. Ninaloliona ni kwamba yanagusa kufuga kwenyewe, hayagusi kunyima. Mtu anaweza kusema wanyama wasio na kazi wasizalishwe, au wafugwe wachache, na pengine atanishawishi. Lakini huyu amekwisha kuzaliwa, yuko pale, na akiugua kwato zake hakuna mtoto wa Karamoja atakayeshiba kwa hilo.

Lipo jambo ambalo kipimo changu hakilitatui. Watu hupenda kufananisha poni na mtoto anayenyimwa peremende. Mtoto atakua, na siku moja atasema mama alikuwa sahihi. Poni hatakua kwa namna hiyo. Kila mchana atakuja kwenye lango na kuniona mimi, mwenye kikapu, na hatajua kamwe kuhusu insulini. Shukrani ya punda ni mateke, na huyu alinirushia mawili katika miezi mitatu. Siwezi kujitetea kwa shukrani ya baadaye, kwa kuwa haipo. Nyavu zile za matundu madogo zilinivutia kwa sababu hii pia: poni akila kwa saa nyingi hahisi amenyimwa. Je, huko ni kumdanganya? Labda. Mlima nao ulimdanganya hivyo hivyo, ukimpa jani moja hapa na jingine kule.

Januari mwaka huu mama mdogo alinipigia simu. Uzito ulikuwa umeshuka, alama imefika 3, na kikapu kimewekwa stoo mpaka majani yaanze kuota tena. Theluji ilikuwa imeanguka. Farasi mkubwa alikuwa amevikwa blanketi, poni hakuvikwa kitu, kwa makusudi, ili mwili utumie mafuta yake kujipa joto. Jirani mmoja alisimamisha gari kuuliza kwa nini huyu mdogo ameonewa, maana theluji ilikuwa imelala mgongoni mwake bila kuyeyuka. Mama mdogo alimwambia apenyeze vidole chini ya manyoya. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto. Theluji haikuyeyuka kwa sababu joto halikuwa likitoka. Jirani akafuta mkono wake, akasema ameelewa, ila bado hapendi kumwona hivyo. Mama mdogo akamjibu kwamba hata yeye hapendi.