Amiri wa Safari na Aliye Nyuma

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kupanda mlima pamoja na jamaa zako na marafiki, bila shaka umeona kwamba hata saa moja haijapita, kundi moja limekwisha kuwa makundi mawili. Walio mbele wanazungumza na kucheka. Walio nyuma hawasemi neno, kwani pumzi zao zote wanazihitaji kwa kupandia. Nakuomba ufuatane nami katika safari moja ya namna hiyo, nami sitakuficha kosa langu.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, wakubwa kwa watoto, nasi tuliondoka mjini Morogoro baada ya sala ya Alfajiri ili tupande milima ya Uluguru hadi kilele cha Bondwa, kilicho na urefu wa zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mtume Mtukufu s.a.w. ameagiza kwamba watu watatu wakitoka safarini, mmoja wao awe amiri. Basi wenzangu walinichagua mimi, nami niliufurahia uamiri huo kuliko ilivyonipasa.

Njia ya kwanza hupita katikati ya mashamba ya Waluguru: migomba, maharage na makabeji yaliyopandwa kwenye miteremko mikali hata unastaajabu mkulima husimama vipi. Tulipishana na akina mama wakishuka sokoni na mizigo vichwani, nao walikuwa wepesi kuliko sisi tusiobeba kitu. Ukitazama chini waona vijito vikimetameta. Maji ya milima hii huingia katika Mto Ruvu, na mto huo ndio unaowanywesha watu wengi wa Dar es Salaam. Basi ndugu yangu uliye Kariakoo au Ilala, huenda hujaiona Uluguru, lakini umeinywa. Mwenyezi Mungu huwapa watu riziki kutoka mahali wasipopafikiria.

Sahaba Jabir r.a. amesimulia kwamba wao walipokuwa wakipanda mahali palipoinuka walisema Allahu Akbar, na walipokuwa wakishuka walisema Subhanallah. Fikiri, msomaji, jinsi mafundisho haya yalivyo mazuri. Mwenye kupanda huanza kujiona mkubwa, basi ulimi wake unamtaja aliye Mkubwa kwa kweli. Vijana wetu walilijua jambo hili, wakaanza kupiga takbira kwa sauti kubwa hata ndege wakaruka kutoka mitini. Hapo ikanibidi niwaeleze kwamba Masahaba walipopaza sauti namna hiyo, Mtume s.a.w. aliwataka wajihurumie nafsi zao, kwa kuwa wanayemwita si kiziwi wala hayuko mbali. Nilisema maneno hayo kwa ufasaha mwingi. Wakati huo dada yangu mkubwa, mwenye maradhi ya magoti, alikuwa nyuma yetu mbali sana pamoja na mwanawe wa miaka minane, nami sikuwa nimegeuka kumtazama.

Tulipofika Morningside, penye nyumba ya kale iliyojengwa zama za Wajerumani, tuliketi, tukanywa chai na kula viazi. Dada alipotokea tulimshangilia, kisha tukasimama tukajifunga mizigo yetu tuendelee. Mapumziko ya pili yalikuwa hivyo hivyo. Mara ya tatu, karibu na mpaka wa msitu, alinishika mkono akasema taratibu, “Mdogo wangu, ninyi mnapumzika kwa kutungojea, nasi tukifika mnaondoka. Sisi tutapumzika lini?”

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimehesabu kumngojea kuwa ni hisani, kumbe mapumziko yote yalikuwa ya wenye nguvu, na aliyeyahitaji zaidi hakupata hata dakika moja.

Msomaji, waijua habari ya Muadh bin Jabal r.a. Alikuwa akiwasalisha watu wake sala ya Isha, akasoma sura ndefu ya Al-Baqara. Mtu mmoja aliyechoka kwa kazi ya mchana kutwa alijitenga akasali peke yake, naye Muadh akamsema vibaya. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w., hakumkemea yule aliyechoka. Alimkemea Muadh, akamwagiza asome sura fupi, kwa sababu nyuma ya imamu wamo wazee na wadhaifu na wenye haja zao. Angalia kwamba kosa la Muadh lilikuwa ndani ya ibada yenyewe, tena kwa kuisoma Kurani Tukufu. Sasa jiulize juu ya mwendo wako nyumbani, wewe baba unayeagiza, na wewe kiongozi unayeita mikutano usiku: ni nani anayefika wakati ninyi mnasimama?

Tulimweka dada mbele, na sote tukafuata hatua zake. Msituni ukungu ulishuka, miti yenye kuvu na kangaga ikawa kama vivuli, na saa zikatupita. Ikanibidi niamue turudi kabla ya kuona kilele. Kijana mmoja alinung’unika kwamba tumekuja bure, na kwa kweli hata mimi moyo wangu uliuma, kwani nilikwisha kuwaambia watu wa mjini kwamba tutafika.

Tulitawadha kijitoni, kwa maji baridi mno, tukasali Adhuhuri. Nilisoma sura fupi.

Kushuka kuliyaumiza magoti ya dada kuliko kupanda, hivyo alitembea akiwa ameweka mkono wake begani pangu, na kila mteremko akisema Subhanallah kwa sauti ndogo. Bondwa hatujafika mpaka leo. Dada husema kwamba safari ijayo amiri atakuwa yeye.